Tuko wachoraji saba, kikundi hakina katiba na sasa kuna hela. Naombeni ushauri

Brashi Kavu #1

Wakuu salaam.

Mimi ni mchoraji, niko Dar. Tuna kikundi cha watu saba. Tulianza kwa kuchangia kodi ya banda moja Kinondoni, kila mtu anachora zake, jioni tunasonga ugali na kukosoana. Jina tulilipata kwa kubishana usiku kucha. Katiba hatuna, mwenyekiti hatuna, mtu akituuliza kiongozi nani tunacheka.

Sasa tumepata kazi ya kuchora kuta za hoteli moja Unguja, hela si ya kitoto, na mteja anataka kulipa kikundi, hataki kumlipa mtu mmoja mmoja. Tangu hapo bandani hakukaliki. Yupo anayetaka tugawane sawa, yupo anayetaka kila mtu alipwe kwa mita alizochora, yupo anayetaka hela yote ibaki kwenye kikundi tununue kompresa. Mmoja kaacha kabisa kuja.

Swali langu: kikundi cha sanaa kiendeshwe kama kampuni, kama ushirika, au kibaki urafiki tu? Matusi hapana, nina msongo tayari.

Dada wa Tandale #2

Nimekaa siti ya mbele, karanga ninazo.

Mjukuu wa Fundi #3

Mkuu umenikumbusha mbali. Baba mdogo alikuwa anachonga pale Mwenge. Gogo moja la mpingo lilipita mikono ya watu wanne: wa kulichagua na kulikata, wa kuchonga, wa kupiga msasa, wa kupaka kiwi ling'ae. Mzungu akifika na kuuliza msanii ni nani, wote wanamgeukia baba mdogo kwa sababu yeye ndiye aliyejua Kiingereza cha kuuzia. Jina lake likasafiri, aliyepiga msasa akabaki na vumbi kifuani. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Ilikuwa hivyo tu, anayeongea na mteja ndiye msanii.

Kwenu nani anaongea na mteja?

Mama Nasaha #4

Vijana mnatanguliza jina, nidhamu inafuata baadaye kama mkia. Hela ya watu ni amana. Mume wangu na ndugu zake walinunua daladala kwa kuchangiana, bila maandishi, eti damu ni nzito. Gari lilipokufa injini kila mmoja akasema lake ni tairi. Mpaka leo kwenye misiba wanakaa mikeka tofauti. Muogopeni Mungu na muandikishiane, basi.

Brashi Kavu #5

Asanteni. @Mjukuu wa Fundi, anayeongea na mteja ni mimi. Barua pepe najibu mimi, maandiko naandika mimi, risiti nafukuzia mimi. Wenzangu wanaamka saa nne, wanakuta rangi ipo, wanachora. Hiyo nayo si kazi? Mbona kwenye mgao haitajwi?

Mtu wa Mukuru #6

Mimi niko Nairobi, mtanivumilia na Kiswahili changu. Huku vikundi ni vingi na kila kimoja kina njia yake. Maasai Mbili pale Kibera walianza 2001 wakiwa waandika vibao wawili tu, na mpaka leo wanajulikana kwa jina la kikundi kuliko la mtu. Hapa kwetu Mukuru kuna Wajukuu, wanachora na wanafundisha watoto wa mtaa. 2022 walialikwa Ujerumani, documenta ya 15, yale maonyesho makubwa ya sanaa pale Kassel, wakajenga njia ya mabati ya kuingilia ukumbini.

Hiyo documenta iliandaliwa na kikundi cha Jakarta, ruangrupa. Wazo lao lilikuwa ghala: vikundi vilivyoalikwa viwe na fungu la pamoja, vikae vikao na kuamua vyenyewe litumikeje. Watu walisifu sana. Halafu bango kubwa la kikundi kingine cha Indonesia, Taring Padi, likaonekana lina picha za kuwadhalilisha Wayahudi. Likafunikwa, likashushwa, na maswali yakaanza: nani alichora ile sehemu, nani aliipitisha, nani anajibu? Kikundi kikasema ni sisi sote na kikaomba radhi, lakini dunia ya nje inataka jina la mtu.

Kwa hivyo swali la mgao ni dogo. Muulizane kwanza, mambo yakiharibika nani atasimama mbele.

Chura wa Jangwani #7

Ghala la pamoja sawa, funguo anakaa nazo nani? Hapo ndipo ujamaa wa kwetu ulipokwama, ghala lilikuwepo, mwenye funguo akanenepa.

Wakili wa Mtaa #8

Mleta mada, maswali mawili mafupi. Jina la kikundi limesajiliwa? Na hela ya kianzio, kama imeshalipwa, imeingia akaunti ya nani?

Brashi Kavu #9

Hela ipo sehemu salama, hilo lisiwasumbue. Mimi nauliza muundo tu: kampuni au ushirika?

Wakili wa Mtaa #10

Sijauliza kama ni salama. Nimeuliza ya nani.

Dada wa Tandale #11

Karanga zimenikwama kooni. Jibu mkuu.

Brashi Kavu #12

Sawa, niseme ili tusizunguke. Jina nililisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mwanzoni mwa mwaka kama jina la biashara, mmiliki ni mimi. Kabla hamjanirukia: niliwaambia wote walete namba za kitambulisho cha taifa, NIDA. Wawili hawana, mmoja alisema atatuma hajatuma mpaka leo, na mteja alikuwa anahesabu siku. Ningefanyaje, niiache kazi ipite? Ada nililipa mfukoni mwangu. Akaunti nikafungua kwa jina hilo la biashara, nusu ya malipo imeingia huko. Sijala hata shilingi, isipokuwa kodi ya banda iliyokuwa inadaiwa na simu, ya zamani ilikuwa haipigi picha za kazi vizuri.

Wenzangu bado hawajui hiyo ya usajili. Nilitaka kwanza nijue muundo mzuri, halafu niwaeleze yote kwa pamoja.

Chura wa Jangwani #13

"Isipokuwa" imebeba simu nzima.

Mama Nasaha #14

Mwanangu, hukuja kuomba ushauri hapa. Ulikuja kuombewa.

Wakili wa Mtaa #15

Niseme machache, mengine nenda kwa mwanasheria ukakae naye uso kwa uso.

Jina la biashara si mtu kisheria, ni wewe umevaa jina. TRA wa kodi wakija watakuja kwako, mteja akidai fidia atakudai wewe. Kwa hiyo unadhani umejipa mali, kumbe umejibebesha mzigo wa watu saba. Kusajili jina hakukupi michoro pia; hakimiliki inaanza kwa aliyechora, na mkichora ukuta mmoja kwa pamoja ni yenu wote. Jina la biashara lilikuwa linaweza kusajiliwa kwa ubia, wabia wakatajwa, na hata sasa taarifa zinabadilishwa kwa mtandao wa BRELA. Usajili wa BASATA, baraza la sanaa, ni kitu kingine, huo unahusu kufanya kazi ya sanaa, hautatui nani mwenye nini.

Na hilo la kazi ya barua pepe una haki nalo. Liandikeni: fungu la mratibu ni kiasi gani, fungu la kikundi ni kiasi gani, kinachobaki ndicho kigawanywe. Ila mratibu anapangiwa fungu na wenzake, hajipangii.

Mzee wa Morogoro Stores #16

Mimi si msanii, nimeishi jirani na wasanii. Edward Saidi Tingatinga, yule aliyeanzisha mtindo wa michoro unaobeba jina lake, alipofariki 1972 hakuacha kampuni. Aliacha ndugu na wanafunzi wachache, rangi ya baiskeli na vipande vya hadibodi. Wale waliendelea kuchora hapo hapo Oysterbay, na chama cha ushirika kilikuja kusimama 1990. Hesabu mwenyewe miaka hiyo. Ndani ya banda simba na ndege ni wa wote, unamkuta twiga yule yule kwa watu watano, lakini pembeni ya picha kila mmoja anaweka jina lake. Na walio nje ya chama nao wanachora Tingatinga mpaka kesho, nani atawazuia? Jina likishakuwa la mtindo karatasi haikusaidii kitu.

Wewe unagombania jina la kikundi ambacho hata mimi wa hapa hapa sijawahi kukisikia.

Fundi Saa #17

Samahani wakuu, nimepekua nyuzi za huyu bwana. Mwaka jana alikuwa Mwanza anauliza mtaji wa kuku wa mayai. Kabla ya hapo alikuwa fundi simu. Leo mchoraji Kinondoni mwenye mteja Unguja. Hii ni chai, tena ya rangi.

Dada wa Tandale #18

Weweee! Nirudishieni karanga zangu.

Brashi Kavu #19

Msanii hafugi kuku? Mnadhani picha zinalipa kodi kila mwezi? Kuku walikuwa wa dada yangu, simu nilikuwa natengeneza kweli. Nani alikwambia mtu anakuwa na kazi moja mji huu?

Fundi Saa #20

Tupia picha ya ukuta basi.

Brashi Kavu #21

Nikitupia picha wenzangu wataujua uzi.

Mjukuu wa Fundi #22

Mimi naamini kisa kipo, ila simwamini msimuliaji. Soma tena #12. Mtu aliyeficha jambo kwa wenzake miezi yote hiyo hawezi kuja kulimwaga hapa kwa kubanwa mara mbili. Nadhani huyu ni mmoja wa wale wasio na NIDA. Kagundua, na sasa amevaa viatu vya aliyesajili ili tumtukane vizuri, akachapishe maneno yetu ayapeleke kwenye kikao.

Chura wa Jangwani #23

Duh. Kwa hiyo Wakili kafanya kazi bure kwa mlalamikaji.

Wakili wa Mtaa #24

Jibu ni lile lile kwa wote wawili. Awe aliyesajili au aliyeachwa, karatasi ni ile ile.

Mtu wa Mukuru #25

Hata mimi nimeshuku, lakini ile simu imenishinda. Mtu hawezi kubuni hiyo simu.

Mama Nasaha #26

Mkweli au muongo, watu sita wanachora ukuta bila kujua wako chini ya nani. Hao ndio wa kuombewa.

Brashi Kavu #27

Niiteni mnavyotaka. Kikao ni Jumapili na nitaenda. Wakili, swali la mwisho: hayo mabadiliko ya BRELA, kuwaongeza wabia, inatosha sahihi yangu au lazima na wao wasaini? Na nikimuongeza yule aliyeacha kuja, je, anapata sawa na wengine? Maana yeye ukutani hajagusa.

Wakili wa Mtaa #28

Waulize hao sita. Jumapili si unakwenda?