Mfungwa ana haki ya rufaa, ila nakala ya hukumu hapewi. Hii ni haki gani?

Wakuu, nimechoka kunyamaza.

Mdogo wangu anatumikia miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kwa kosa hilo hapa Tanzania, ukishatiwa hatiani hakimu hawezi kushuka chini ya miaka hiyo, kwa hiyo tegemeo letu lote ni rufaa Mahakama Kuu. Siku ya hukumu aliambiwa "haki ya rufaa iko wazi", faili likafungwa. Kwamba notisi ya kusudio la kukata rufaa inatakiwa ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya siku 45, alikuja kuambiwa na mfungwa mwenzake huko ndani! Huyo mzee ndiye aliyemwandikia notisi kwa mkono, dogo akaweka dole gumba, ikapitia kwa mkuu wa gereza. Mungu ambariki.

Sheria inasema muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi (kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani) hauhesabiwi kwenye zile siku 45. Sawa. Sasa nakala yenyewe iko wapi? Nenda masjala, ofisi ya mafaili ya mahakama: "faili liko kwa hakimu." Rudi tena: "linachapwa." Rudi tena: "hakimu amehamishwa." Na huku mtu yuko ndani, kifungo kinakwenda.

Tumekuja kuipata, ina kurasa pungufu. Ushahidi wa shahidi wa tatu umekatikia katikati ya sentensi, na huyo ndiye anayedai alimtambua dogo usiku. Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani imeshasema ushahidi wa utambuzi wa macho ni dhaifu: lazima ijulikane mwanga ulikuwaje, umbali kiasi gani, alimwona kwa muda gani, alikuwa anamfahamu kabla au la. Majibu yote hayo yamo kwenye kurasa ambazo hazipo. Jaji atasoma nini?

Na ole wako uchelewe. Utaomba kuongezewa muda kwa hati ya kiapo, ueleze kila siku uliyochelewa. Mfungwa aeleze uzembe wa masjala ambayo hajawahi hata kuikanyaga!

Zamani ukikwama hadi Mahakama ya Rufani ulibaki na Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu, hapo hapo Arusha, na wafungwa wetu wengi walikwenda. Novemba 2019 serikali ikajitoa kwenye tamko lililowaruhusu wananchi kufungua mashauri huko moja kwa moja, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa. Kwa hiyo hizi mahakama zetu ndizo pekee tulizobaki nazo, na bado nakala ni hisani ya karani.

Nakala ikabidhiwe gerezani pamoja na mfungwa, siku ile ile anapopelekwa. Msituambie haiwezekani, kwa sababu hati ya kumfunga huwa haichelewi hata saa moja.

Wanasheria mliopo, nijibuni: mwenendo ukiwa na kurasa pungufu, tuombe faili halisi liitwe kabla ya rufaa kusikilizwa, au tulisemee siku hiyo hiyo mbele ya jaji?