Mrejesho: sindano ya testosteroni, iliyoidhinishwa au ya kuchanganyiwa famasi?

Wakuu, niliuliza hivi: niko Marekani, sipionati (aina ya testosteroni, homoni ya kiume, ya kudunga) yenye mafuta ya pamba inanivimbisha paja, je, nihamie ya kuchanganyiwa famasi, yenye mafuta ya mbegu za zabibu?

Daktari akanipa njia ambayo sikuifikiria: enanthati (aina nyingine ya testosteroni) ya mafuta ya ufuta, nayo imeidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani. Wiki ya sita leo. Pale palipokuwa na kinundu kama punje ya karanga, nikipapasa ni ngozi laini tu.

Ya kuchanganyiwa inawafaa wenye mzio hasa, sibishi. Ila FDA haipitii usalama wala ubora wake kabla haijauzwa, na mimi najidunga kila wiki! Mwezi ujao napima damu, pamoja na hematokriti (kiwango cha seli nyekundu katika damu). Asanteni sana mlionijibu.