Mrejesho: madoa meupe na mikwaruzo kwenye rimu za alumini

Niliuliza kama madoa meupe ya sabuni ya asidi na mikwaruzo vinatoka kwenye rimu zilizong'arishwa. Vimetoka. Kwanza sugua polishi kidogo ya chuma kwa kitambaa cheupe: kikigeuka cheusi, alumini iko wazi, kikibaki safi, juu kuna vanishi na msasa utaiharibu. Mkwaruzo unaonasa ukucha ulianzia msasa wa maji namba 400 (namba ndogo ndiyo yenye chembe kubwa zaidi), kisha 600, 800, 1000, 1500, 2000, kila namba ikikata mistari ya iliyotangulia. Kuruka 800 kuliacha mistari iliyoonekana baada ya polishi tu, ikabidi kurudi nyuma. Madoa yalitaka 1500 na 2000 basi. Halafu wakati wa kupaka polishi rimu iwe baridi; ikiwa ya moto polishi inakaukia hapo hapo.