Huyu muuza bunduki wa Dallas (mnamjua) amenifanya kichekesho mbele ya foleni nzima

Kisu Butu (mwenye uzi)

Wakuu salaam, ingawa mimi leo salama sina.

Naandika nikiwa bado maegeshoni, kiyoyozi kinapuliza na jasho linatoka vilevile. Jina simtaji. Mbongo yeyote aliyewahi kukanyaga Dallas na kutamani chuma anamjua. Dubu aliyekaushwa mlangoni, masharubu kama ufagio wa chelewa. Eeh, huyohuyo.

KAUNTI YA TANZANIA. Tulieni, nitaeleza.

Mimi si mtu wa silaha. Babu yangu alikuwa na gobore na alikuwa analiogopa kuliko nguruwe wenyewe. Lakini nina kipande changu cha matembele na mahindi kwenye shamba la rafiki kule Kaufman, na nguruwe pori wa Texas hawana dini. Wakipita usiku, asubuhi unadhani idara ya maji imekuja kulaza bomba. Tangu 2019 hapa huhitaji hata leseni ya uwindaji kwa nguruwe hao, mradi mwenye shamba karidhia. Nikasema basi, nanunua bunduki ya marisau, ile ya kukoki kwa kuvuta mkono nyuma na mbele. Nguruwe akisikia ule mlio tu anaaga.

Dukani dola 427. Mtandaoni 389. Mimi mtoto wa Kariakoo, dola 38 siachi mezani. Nikabonyeza, nikalipa kwa kadi, nikaweka anwani ya nyumbani kama nilivyoweka siku niliyoagiza jiko la wali. Mama watoto nikamwambia Alhamisi asitoke, kuna mzigo. Akauliza mzigo gani. Nikasema pasi.

Kesho yake muuzaji wa mtandaoni anapiga simu, mtoto wa watu ana adabu kweli: "Mzee, bunduki haiji mlangoni kwako. Nitajie duka lenye leseni karibu yako tuitume huko, ukajaze fomu ndiyo ukabidhiwe." Sasa mimi nilikuwa nalijua duka moja tu. La huyu wenu.

Nikaenda nimechomekea. Akanipa fomu 4473, kalamu imefungwa kamba kama ya posta. Urefu kwa futi na inchi, mimi najijua kwa sentimita. Uzito kwa ratili, nikapunguza kidogo. Unaishi ndani ya mipaka ya mji? Naishi. Mbele kidogo kuna kijichumba cha kaunti unayoishi. Sasa kwa Kiingereza kaunti na nchi zinapishana herufi moja tu, na mimi nimetoka zamu ya usiku, macho yana mchanga. Nikaandika TANZANIA. Kwa herufi kubwa. Kwa mwandiko wa daftari la mistari miwili, wakuu, ule wa kupewa vema na nyota.

Angeweza kuninong'oneza. Angeweza kuweka kidole pale, akasema rekebisha hapa mzee. Hapana. Akaiinua karatasi kwenye taa kama keshia anayekagua noti bandia, akageukia foleni, akapaza sauti: "Jamani, bwana huyu anaishi Kaunti ya Tanzania! Hiyo iko juu ya Waco au chini ya Waco?" Waco ni mji wa hapahapa Texas.

Walicheka. Mzee mmoja mwenye kofia ya pama alicheka mpaka akashika meza. Mtoto mdogo ambaye hata kusoma hajui akacheka. Yule dubu, naapa, alicheka. Mtu mzima mimi, nina watoto watatu, mmoja ana ndevu!

Nikapewa fomu mpya. Nikajaza. Akatuma jina langu FBI wakanichunguze, jibu likarudi: subiri. Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Siku ya tatu napiga simu kuulizia, hajauliza jina wala namba, kasikia lafudhi tu: "Aaa, Kaunti ya Tanzania!"

Leo wameruhusu. Nafika kaunta, anamwita kijana wake wa stoo kwa sauti ileile: "Mletee mzigo bwana wa Kaunti ya Tanzania." Foleni mpya kabisa! Watu wapya! Ikabidi wasimuliwe upya, na karatasi akaigiza alivyoiinua.

Halafu ada. Ukutani kumeandikwa kukabidhi bunduki iliyonunuliwa kwingine ni dola 30. Mimi katoza 75. Nikauliza. Akasema 30 ni kwa wateja wake wa siku zote, aliyenunua mtandaoni ni 75. "Ungenunua kwangu ingekuwa bure." Anacheka. Juu ya Waco au chini ya Waco.

Naomba tumsusie. Nimemaliza.

---

Mbeba Boksi

Nimekaa paleee kwenye kona na bisi zangu. Endeleeni.

Mama Chapati

Pole kaka yangu. Ila hapo kwenye pasi nimecheka mpaka unga umenimwagikia. Wifi ameshaiona hiyo pasi?

Kisu Butu

Mama Chapati, usinikumbushe. Iko kwenye buti. Bado sijajua naingiaje nayo.

Hesabu Kali

Umeokoa 38, umelipa 75. Umepoteza dola 37 na heshima. Na mafuta ya safari mbili hatujapiga. Mtoto wa Kariakoo gani wewe?

Jirani wa Namanga

Wadau wa Bongo, karibuni sana. Sisi Kenya tuko na kaunti 47, Mombasa ndiyo 001 na Nairobi 047. Nyinyi basi chukueni 048. Mwaka 2027 tunapiga kura, mtachagua gavana na nyinyi. Kisu Butu asimame, fomu za kugombea ajaziwe na mtu mwingine.

Mbeba Boksi

Gavana Kisu Butu! Hiyo imepita.

Mzee wa Zamu

Gavana hoyee!

Kisu Butu

Nimeleta kilio mnanipa ugavana. Mtu kainua karatasi JUU YA TAA, hamlioni hilo?

Bingwa wa Vifungu

Wakuu, tuweke mambo sawa. Kwamba bunduki hailetwi mlangoni si roho mbaya ya mtu, ni sheria ya silaha ya mwaka 1968. Ikitoka kwa muuzaji wa jimbo lingine lazima ipitie kwa mwenye leseni. Sheria ya Brady ya 1993 ndiyo iliyoleta ukaguzi wa mnunuzi, na mfumo wa FBI ukaanza kazi Novemba 1998. Majibu ni matatu: endelea, subiri, au umekataliwa. Ukiambiwa subiri na siku tatu za kazi zikapita kimya, sheria ya shirikisho inamruhusu muuzaji akukabidhi, lakini haimlazimishi. Mwenye jina linalofanana na la mtu mwenye kesi huwa anakwama hapo mara kwa mara, aombe kwa FBI namba ya UPIN, yaani namba yake binafsi ya kumtofautisha na huyo mwingine...

Mzee wa Zamu

Asante ticha. Kengele imelia.

Bingwa wa Vifungu

Sijamaliza.

Hesabu Kali

Tumejua.

Msomi Denton

Mimi nipo hapa na visa ya uanafunzi. Gavana, kwa kuwa wewe una green card na njia umeshaijua, niagizie mguu wa kuku (bastola) mmoja kwa jina lako, hela nakurushia leoleo.

Mama Chapati

Wewe mtoto, futa hiyo komenti kabla sijakutafutia mama yako namba.

Bingwa wa Vifungu

Narudi kwa hili tu. Fomu ileile ya 4473 inakuuliza kama mnunuzi halisi ni wewe. Ukinunua kwa niaba ya mtu asiyeruhusiwa, kwa sheria ya 2022 kifungo kinafika miaka 15. Na mwenye visa ya muda kwa kawaida haruhusiwi, labda awe kwenye zile nafuu chache kama ya mwenye leseni halali ya uwindaji. Hata hivyo ananunua mwenyewe, kwa jina lake.

Msomi Denton

Nilikuwa natania wakuu.

Mbeba Boksi

Miaka 15 ukitoka Denton imeshakuwa kaunti ya Tanzania.

Pwani ya Sacramento

Mnalia siku tatu? Huku California kila anayenunua anasubiri siku 10, uwe msafi uwe mchafu. Niliagiza ya kwangu, siku ya tisa hasira zote za nguruwe zimeisha, nikajenga uzio. Ila mimi linaloniuma si hilo. Linaloniuma ni yule msafirishaji wa mapipa ya mizigo ya kutuma nyumbani, nanyi mnamjua, pipa langu liko baharini tangu mfungo wa Ramadhani.

Mama Chapati

HUYO! Huyo mwenye kikofia! Pipa langu lilifika Dar limebaki na mfuniko na soksi moja.

Mzee wa Zamu

Mimi langu lilifika zima ila si langu. Nilikuta viatu vya kike namba 12. Nikavituma kijijini, shangazi anachotea unga.

Kisu Butu

Jamani uzi ni wa muuza bunduki.

Hesabu Kali

Gavana tumekusikia. Mama Chapati, ulilipa kwa pipa au kwa uzito?

Jirani wa Namanga

Hebu kwanza nyinyi kwenu mnaita nini, kama si kaunti?

Mzee wa Zamu

Mikoa. Tunayo 31, nyinyi na 47 zenu bado nchi yote inaingia kwetu na chenji inabaki.

Karafuu Moja

Katika hiyo 31, mitano ni ya Zanzibar. Semeni vizuri. Mnatuhesabu kwenye mikoa tu, kwenye mambo mengine mnatusahau.

Mzee wa Zamu

Haya, yameanza.

Karafuu Moja

Yalianza 1964 bwana, si leo. Na kwa taarifa yako ningekuwa mimi kwenye ile fomu ningeandika ZANZIBAR, na huyo masharubu angejua pa kuitafuta. Watu wanatujua.

Mbeba Boksi

Angeuliza ni juu ya Waco au chini ya Waco.

Karafuu Moja

Pemba ni mashariki ya Tanga, mwambie.

Kisu Butu

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilijisikiaje.

Mama Chapati

Ulijisikiaje Gavana?

Kisu Butu

Vibaya. Ile kalamu ilikuwa na kamba, wakati anacheka mimi nimeishika bado, siwezi hata kuondoka nayo kwa hasira.

Nimechoka Sana

Chai hii. Uzi hauna picha, hauna risiti, dubu anacheka. Weka picha ya fomu.

Bingwa wa Vifungu

Fomu anabaki nayo muuzaji kwa mujibu wa...

Nimechoka Sana

Sikukuuliza wewe.

Dada wa Mesquite

Samahani naingia katikati, sijui hata mnagombania nini. Nimeona juu huko kuna mtu katajwa ana matembele. Hapa Dallas? Nimetafuta miaka miwili. Mbegu mnapata wapi?

Pwani ya Sacramento

Matembele hayapandwi kwa mbegu dada, ni vipando. Nunua viazi vitamu sokoni, tumbukiza nusu kwenye glasi ya maji dirishani. Baada ya wiki kadhaa vinachipua, unakata, unapanda.

Mama Chapati

Vya dukani vingine wamevipuliza dawa, havichipui hata uviombee. Chukua vile vya kilimo hai. Na usipande kabla baridi haijaisha kabisa, mimi Machi moja theluji ya mwisho ilinilamba shamba zima.

Mzee wa Zamu

Na majani yenyewe si kila kiazi. Kuna vinavyotoa majani machungu hata ukitia nazi mbili.

Karafuu Moja

Nazi mbili? Ya kopo au ya kukuna?

Mzee wa Zamu

Ya kopo, mbuzi nitaitoa wapi Texas?

Karafuu Moja

Basi usilaumu kiazi.

Dada wa Mesquite

Asanteni sana, naandika yote. Sasa huyo mwenye matembele yaliyokwisha ota yuko wapi?

Kisu Butu

Ni mimi, mwenye uzi. Ya shamba wameshakula nguruwe nusu, ila vipando vya kutosha ninavyo nyumbani, nyuma ya gereji. Njoo Jumamosi. Ila tafadhali tusisahau kumsusia yule mtu.

Dada wa Mesquite

Mungu akubariki kaka. Nyumbani ni wapi?

Kisu Butu

Garland, Kaunti ya Dallas.

Mbeba Boksi

Una uhakika?