Wakuu, ditekta ya rada nifunge wapi kwenye Gold Wing?

Mwana wa Korogwe

Habari zenu wakuu. Nipo Columbus, Ohio, mwaka wa 9 sasa. Nina Honda Gold Wing GL1800 ya 2012, niliinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa ameitunza kama mtoto wake. Mwishoni mwa Septemba mimi na mke wangu tunataka kushuka Virginia, tuingie Blue Ridge Parkway pale Rockfish Gap, tuifuate milima mpaka Cherokee, North Carolina. Ni maili 469 za milimani peke yake na hatuna haraka.

Shida yangu ni ditekta, kile kidude kinacholia kikinasa rada ya trafiki. Nimeitumia kwenye gari miaka 3 na imenisaidia sana kwenye barabara ndogo za huku. Unatembea maili 55 kwa saa, ghafla unaingia kimji, kibao kinasema 35, na trafiki kajibanza nyuma ya kanisa. Mwezi uliopita nikaihamishia kwenye pikipiki, nikaibandika kwenye kioo cha mbele kwa vile vikombe vyake vya mpira vinavyonata. Kabla sijafika Lancaster nikapita juu ya kiraka cha lami, nikasikia "tak!", ikagonga tanki na kudondokea upande wa kulia. Niliiona kwenye saiti mira inabiringika, kisha lori likapita juu yake.

Hela imeniuma, lakini kilichonitisha zaidi ni kwamba kwa sekunde moja au mbili mkono wangu wa kulia uliachia mafuta ukataka kuidaka. Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Tangu siku hiyo sijabandika kitu chochote kwenye kile kioo.

Nimenunua nyingine na bado iko kwenye boksi. Naomba mnisaidie niifunge wapi isitoke tena, umeme niuchukue wapi bila kuua betri, na nitaisikiaje nikiwa kwenye maili 65 na helmeti kichwani? Hata ile ya kwanza nilikuwa siisikii kabisa, nikawa nainamisha macho kila saa. Nawasilisha.

FundiWaya

Pole sana mkuu, na Mungu ashukuriwe hamkuanguka. Hivyo vikombe vimetengenezwa kwa kioo cha gari, ambacho ni kigumu na kimetulia. Kioo cha Gold Wing ni plastiki, kimepinda na kinacheza na upepo. Jua likikipasha, hewa iliyo ndani ya kikombe inatanuka, na mtikisiko wa kwanza unamaliza kazi. Kwenye pikipiki kila kitu kifungwe kwa bolti.

Nikiwa na Gold Wing ningefunga upande wa klachi. Angalia pale mpini wa klachi unapokaa kwenye usukani, kuna kibano chenye bolti mbili. Kampuni ya RAM wanatengeneza kitako kinachokaa hapo hapo, kina tufe la inchi 1, juu yake unaweka mkono mfupi kisha kishikio cha ditekta yako. Utahitaji bolti ndefu kidogo kuliko za mwanzo, za kipimo kile kile cha nyuzi. Paka gundi ya nyuzi, ile ya bluu. Nyekundu usiiguse maana kuifungua ni mpaka uichome moto. Kaza bolti ya juu na ya chini kwa kupokezana.

Kuna watu wanafunga kwa kutumia skrubu za mfuniko wa kikopo cha mafuta ya klachi au ya breki. Usifanye hivyo. Mafuta yale yananyonya unyevu wa hewa, na yakimwagikia rangi yanaibabua. Ukiukosea mfuniko wa upande wa breki, tatizo lako halitakuwa ditekta tena.

Kuhusu kuona barabara usiwe na wasiwasi. Mawimbi ya rada yanapita kwenye plastiki, kwa hiyo ditekta ikikaa nyuma ya kioo bado inasikia. Kinachozuia ni chuma, pamoja na vile vibandiko vya giza vyenye chembe za chuma. Leza wanayotumia askari wengine ni habari nyingine, hiyo ni mwanga, inahitaji njia safi. Basi jicho la mbele la ditekta lisijifiche nyuma ya saa wala nyuma ya saiti mira, na ikae sambamba na barabara, isitazame juu wala chini.

Nyuma usitegemee sana. Wewe na mama mmekaa pale na buti lenu, na mwili wa mtu ni maji matupu, unayanyonya mawimbi hayo. Ditekta yenye mishale itakuambia kitu kiko nyuma ikiwa imechelewa, au isikuambie.

Umeme: usiunge moja kwa moja kwenye betri. Ditekta inakula kidogo, chini ya ampea 1, lakini ukiisahau imewaka wiki nzima gereji, siku ya safari pikipiki haitawaka. Tafuta waya unaopata moto ufunguo ukiwashwa na kufa ukizimwa. Chukua taa ya kupimia, weka klipu kwenye chuma, gusa, washa, zima, mpaka uwe na hakika. Weka fyuzi yake peke yake ya ampea 2, karibu na unakochukulia umeme. Maungio yafunge vizuri, mvua ya huko milimani haipigi hodi.

Sauti ndilo jambo kubwa kuliko yote. Spika ya ditekta kwenye maili 65 ni sawa na kunong'ona sokoni. Ipeleke kwenye helmeti. Kama ina Bluetooth, inazungumza na simu, simu inazungumza na Sena au Cardo yako, vile vifaa vya mawasiliano vya kwenye helmeti. Kama haina, nyingi zina tundu la waya wa sauti. Ukikosa yote mawili kuna vitaa vidogo vinavyofungwa juu ya saa, vinamulika macho yakiwa bado barabarani. Kama huwezi kusikia basi uone, na uone bila kuinama.

Dereva wa Semi

Fundi kamaliza ya ufundi, mimi nakuja na ya sheria, maana naona Virginia kwenye safari yako na hakuna aliyeigusa.

Mkuu, Virginia ditekta ni marufuku. Ni hiyo na Washington DC. Majimbo mengine gari la kawaida au pikipiki unaruhusiwa, ukiacha ndani ya kambi za jeshi. Sisi wa malori makubwa ya biashara tumekatazwa nchi nzima, ndiyo maana nimeisoma hii sheria kwa makini. Virginia wanasema ikikutwa haina umeme na haipo mahali ambapo dereva au abiria anaweza kuifikia kirahisi, huna kosa. Kwa hiyo ichomoe waya, itoe, ifungie kwenye buti chini ya nguo. Kuizima tu ikabaki imening'inia kwenye usukani hakutoshi. Na usijipe moyo kwamba hawataiona, ditekta nyingi zenyewe zinavujisha mawimbi kidogo zikiwa kazini na askari wa kule wana vyombo vya kuyanasa.

Kubwa zaidi, Virginia ukizidi 85 popote pale, au ukipita kibao kwa maili 20, hiyo si faini ya kawaida. Wanaiita uendeshaji wa hatari na ni kosa la jinai, mpaka miezi 12 jela na dola 2,500. Ndugu zetu wengi huku bado wana karatasi za uhamiaji zinazosubiri kusainiwa. Kosa la jinai kwenye faili kwa sababu ya mwendo, wallahi halina thamani hiyo. Ikikukuta, usiende kulipa kwa posta ukadhani yameisha, tafuta wakili kwanza.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Samahanini kaka zangu, nimesoma yote. Mimi nafanya kazi ICU na wanaoletwa kutoka kwenye pikipiki nawapokea mimi. Kaka Korogwe, ile sekunde moja uliyoisema, mkono ukaachia mafuta ukafuata kile kidubwasha, ndiyo iliyonikaa kichwani. Sisemi usinunue. Naomba tu, chochote utakachofunga, wifi yetu akiwa nyuma kisije kikawa ndicho kinachokuangalisha chini. Kwa nini usitembee tu kwa mwendo wa kibao?

Mwana wa Korogwe

Dada yangu nimekuelewa na sikupingi. Mimi si mtu wa kukimbia, kibao kikiwa 55 nitakuwa 58 au 60. Kinachonikamata ni hivyo vimji, kibao cha 35 kimejificha nyuma ya mti na mimi naangalia kona. Ditekta ikilia napandisha macho, nakumbuka kuangalia nimo kwenye mwendo gani. Ila kweli ile ya kwanza ilikuwa inaniangalisha chini, ndiyo maana nimekuja kuuliza kabla sijafungua boksi.

Dereva, hiyo ya Virginia nilikuwa siijui kabisa. Ningeingia nayo ikiwa inawaka. Shukrani sana.

Mjukuu wa Pangani

Wakuu nawafuatilia kutoka Morogoro. Hiki kitu nikiletewa huku kinasaidia? Hapa kati mpaka Dodoma kila kijiji kina kibao cha 50, na nimeshapigwa tochi mara 2 mwaka huu.

FundiWaya

Mjukuu, inategemea tochi yenyewe. Rada inatawanya mawimbi yake, ikipigwa gari lililo mbele yako ditekta yako inasikia na unapata nafasi ya kupunguza. Leza ni mwale mwembamba, kwenye umbali wa futi 1,000 una upana wa futi 3 hivi. Askari anakulenga wewe peke yako. Ditekta ikilia kwa leza maana yake mwendo wako umeshasomwa. Kama trafiki wa hapo wanakulenga kwa mkono kisha wanakuonyesha picha na mwendo wako, sikushauri utupe hela. Uliza kwanza sheria ya hapo inasemaje. Mpaka hapo, wale madereva wanaokuwashia taa wakitokea mbele ndio ditekta yako.

Hata Ohio kuna kitu ditekta haikioni. Zile alama nyeupe zilizochorwa kando ya haiwei, askari yupo juu na ndege anapima kwa saa umetumia sekunde ngapi kutoka alama moja hadi nyingine. Hapo hakuna wimbi lolote la kunasa.

Mwana wa Korogwe

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nimeifunga Jumamosi.

Kitako cha RAM kimekaa kwenye klachi kama Fundi alivyosema. Umeme nimeupata baada ya kupima waya 4, watatu wakawa wanabaki na moto hata ufunguo ukiwa mfukoni mwangu. Nikapitisha waya chini ya kava, nikaubana kwa vibano vya plastiki, nikajisifu. Mke wangu akakaa kwenye pikipiki, akaniambia kata usukani mpaka mwisho kushoto. Nikakata. Waya ukakaza kama uzi wa kishada, plagi ikachomoka. Nimeongeza urefu wa shibiri moja na sasa unakata kote bila kuvuta kitu.

Ili isitetemeke nimekata kipande cha kandambili nikakiweka kwenye maungio.

Nimeenda nayo Lancaster na kurudi. Inasema kwenye helmeti na sikuinama hata mara moja. Bendi ya K, moja ya masafa ya rada, ilinisumbua mwanzoni, nikagundua ni gari lililokuwa linatembea ubavuni mwangu, lina ile rada ya kuonya dereva kuhusu aliye pembeni. Nikilipita, kimya. Kisha kwenye US-33 ikaita bendi ya Ka, 34.7 GHz, kwa nguvu iliyopanda polepole. Nilikuwa 61 nikashuka 55. Kama nusu maili mbele, chini ya daraja, huyo hapo kapaki.

FundiWaya

Safi sana. Hiyo 34.7 iheshimu, Ka ikilia karibu kila mara ni askari. K ndiyo yenye kelele za magari na milango ya supamaketi.

Swali moja, kandambili umeiweka wapi hasa? Kama iko chini ya bolti za kibano cha klachi, itoe leo. Mpira unajibana taratibu, bolti inalegea huku wewe ukiamini umeikaza. Pale iwe chuma kwa chuma. Weka kandambili juu, kati ya kishikio na ditekta. Baada ya maili 100 rudi na spana uzikague zote. Mvua ikianza isimamishe uitoe, ditekta hizi hazijatengenezwa kwa maji, na mfuko wa nailoni juani utaipika.

Mwana wa Korogwe

Ilikuwa chini ya bolti. Nimeitoa sasa hivi, nimerudi gereji na taa ya simu.

Dereva wa Semi

Ukiwa kwenye I-64 sehemu nzuri ya kusimama ni White Sulphur Springs, bado uko West Virginia na mpaka uko mbele kidogo. Weka mafuta, itoe hapo. Na kishikio kitoe pia, kiache kitako tu. Kishikio kitupu chenye waya unaoning'inia kinamwalika askari aulize kilichokuwa hapo kimeenda wapi.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kwenye Parkway yenyewe ni 45, ila pale kibao kinaposema chini ya hapo, na Septemba majani yanaanza kubadilika rangi huko juu, magari yanasimama ovyo watu wapige picha. Nendeni salama. Mwambie wifi avae glavu nzito, asubuhi kule kuna baridi kali.

Mwana wa Korogwe

Ahsanteni wote. Mke wangu amesoma uzi mzima jana usiku. Anasema hata tukishavuka kuingia North Carolina ikae tu kwenye buti mpaka tumalize Parkway, tutaifunga tena Cherokee siku ya kugeuza. Nimekubali. Glavu ameshaagiza.