Nauli ya kurudi Newala Desemba: mwanafunzi apate wapi hela ya ziada?

Kutoka: Binti wa Newala, Leeds

Shikamooni wakubwa zangu wote.

Niko mwaka wa pili wa digrii huku Leeds. Dada yangu anaolewa nyumbani mwishoni mwa Desemba, na tangu niondoke sijarudi. Ufadhili unalipa ada na chumba, ila tiketi ya ndege ni juu yangu. Baba sitaki kumgusa, maana hela ya korosho ya msimu uliopita imeshaishia kwenye shule za wadogo zangu. Nina miezi saba ya kujipanga.

Wenzangu hapa wanasuka nywele kwa hela. Kuna kaka ana akaunti ya kusambaza chakula kwa baiskeli, anataka kunikodisha kwa wiki. Na binamu yangu wa nyumbani anasema nimtumie pauni mia mbili sasa, korosho zikianza kuanguka atanirudishia mara mbili. Naombeni mwongozo, nianzie wapi?

Kutoka: Dada wa Lindi, Birmingham

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kuingia.

Hiyo akaunti ya baiskeli achana nayo leo hii. Viza ya mwanafunzi Uingereza hairuhusu kujiajiri, na wasambazaji wale wengi wanahesabiwa kuwa wamejiajiri wenyewe. Halafu akaunti ni ya jina la mtu mwingine, kwa hiyo ukisimamishwa barabarani unakuwa na makosa mawili kwa mpigo. Nimeona vijana wa kwetu wakikatishwa masomo mwaka wa mwisho kwa jambo la namna hii, na mzazi kule Nachingwea ameshauza shamba. Inaniuma mpaka leo.

Kusuka nako, ukisuka chumbani kwako na kupokea hela mkononi, ni kujiajiri. Najua ni kazi safi ya mikono yako, lakini sheria haitofautishi. Njia ipo: saluni ikikuajiri kwa mkataba, ikakulipa mshahara, ukakatwa kodi kama wengine, hapo ni halali.

Sasa saa. Wa digrii anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na wiki inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Si wastani. Huwezi kufanya 26 wiki hii ukafidia kwa 14 wiki ijayo. Ukiwa na kazi mbili, zinajumlishwa, na hata kazi ya kujitolea yenye zamu za lazima inaweza kuhesabiwa. Likizo rasmi za chuo unafanya muda wote. Wewe wa digrii ya kwanza una majira yote ya joto, na nauli yako iko hapo. Wa masters wanaosoma uzi huu wawe macho: kwenu miezi ile ya kuandika tasnifu kwa kawaida bado ni muda wa masomo, hata kama madarasa yamefungwa. Ulizeni ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, jibu mlipate kwa maandishi.

Kima cha chini kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa aliyefikisha miaka 21, na pauni 10 kwa wa 18 hadi 20. Saa 20 kwa 12.21 zilikuwa pauni 244.20 kwa wiki, na makato hapo yalikuwa senti tu. Kodi ya mapato haianzi mpaka kipato cha mwaka kivuke pauni 12,570.

Anza na chuo chenyewe: kutembeza wageni siku za wazi, maktaba, mapokezi ya mabweni. Wao wanajua viza yako, zamu zinakaa pembeni ya vipindi. Baada ya hapo ndiyo hoteli, viwanja vya mpira, maghala. Kubeba boksi si aibu, tumebeba wengi. Nyumba za wazee zina kazi nyingi, ila kuna uchunguzi wa rekodi ya jinai unaochukua wiki kadhaa, kwa hiyo omba sasa, usingoje Juni.

Ukilipwa mara ya kwanza, ifungue ile karatasi ya mshahara uisome. Tafuta namba yako ya kodi (tax code). Ikiandikwa 1257L, uko sawa. Ikiandikwa BR, unakatwa asilimia 20 tangu pauni ya kwanza, na hutokea sana kwa wenye kazi mbili. Piga simu ofisi ya kodi, hela yako itarudi. Pili, malipo ya likizo. Hata mwenye mkataba usio na saa maalumu anayo haki hiyo, kwa kawaida asilimia 12.07 ya saa alizofanya. Kuna waajiri wanaongoja uulize. Uliza.

Na hela ikiingia isikae kwenye akaunti ya matumizi. Sisi akina dada wa hapa tuna mchezo wa kuchangiana hela, kila mtu anachagua mwezi wake wa kupokea. Ukitaka kuingia, kijumbe nitakuunganisha naye, uchukue zamu ya Septemba, kabla bei za tiketi za Krismasi hazijapaa.

Kutoka: Kaka wa Masasi, Hamburg

Naongeza kidogo kwa walioko Ujerumani. Tangu Machi 2024 mwanafunzi kutoka nje anaruhusiwa siku kamili 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, na kazi za usaidizi ndani ya chuo hazihesabiwi humo. Minijob, yaani kazi ndogo ya malipo yenye kikomo, mwaka 2025 ilikuwa hadi euro 556 kwa mwezi. Masoko ya Krismasi yanaanza mwishoni mwa Novemba, vibanda vinatafuta watu mapema. Wa Marekani wenye F-1, viza ya mwanafunzi, wabaki na kazi za ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, nje ya hapo mpaka kibali.

Kutoka: Mjomba, Shangani, Mtwara

Wapwa zangu, salamu kutoka nyumbani. Huku korosho bado ni majani tu.

Nazungumzia hizo pauni mia mbili. Mpwa wangu, hiyo ni kangomba. Hakuna jina lingine. Binamu yako atazunguka na bodaboda usiku kwa wakulima walioishiwa, mama ana mtoto mgonjwa au sare hazijanunuliwa, atawapa hela kidogo leo wakamlipe kwa kilo msimu ukifunguka. Faida mara mbili inatoka mfukoni mwa mtu kama baba yako. Na ni kosa kisheria. Korosho ghafi zinapita chama cha msingi, zinaingia ghalani, zinauzwa mnadani, mkulima analipwa benki. Mwaka 2018 serikali iliponunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, mashamba yalihakikiwa kwanza, na wa kangomba walikaa roho juu miezi. Ukitaka hela yako ifanye kazi nyumbani, mnunulie baba dawa ya kupulizia sasa hivi, Juni haiko mbali.

Jambo la pili, msihesabu nauli ya mpaka Dar peke yake. Dar hadi Mtwara mjini ni kilomita kama 560, na Newala bado kupanda. Desemba mabasi yanajaa, watu wote wa Kusini wanarudi. Mvua nazo si za kuaminiwa: Mei 2024 barabara ilikatika Somanga na abiria wakalala njiani. Weka angalau siku moja ya akiba kati ya kutua na harusi. Mchango wa kamati nao upo, mama yako atakutajia.

Likizo yenyewe inaweza kurudisha kidogo. Desemba vijana waliomaliza la saba wapo kwenye pre-form one, na mwalimu anayeongea Kiingereza vizuri anatafutwa. Ongea na kituo cha pale Newala kabla hujafika.

Kutoka: Binti wa Newala, Leeds

Ahsanteni sana, Mungu awazidishie. Binamu nimeshamjibu kwamba hapana, na akaunti ya baiskeli nimeiacha. Chuo kimeniita usaili Alhamisi, kazi ya mapokezi ya bweni. Dada, swali moja: zamu yao inaanza Jumapili saa nne usiku mpaka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Inaingia wiki ipi?

Kutoka: Dada wa Lindi, Birmingham

Inagawanywa, mdogo wangu. Saa mbili za kabla ya saa sita usiku ni za wiki inayoisha, sita zilizobaki ni za wiki mpya. Ziandike mwenyewe kwenye daftari kila zamu, usitegemee hesabu ya meneja. Na usaili vaa viatu vilivyofunika vidole, watakutembeza ghorofa zote.