Wakuu, memori kadi ya V30 inatosha video ya 4K au mpaka V60?

Kijana wa Tabata: Wakuu habari za jioni. Jumamosi hii nina sendofu ya kupiga video. Kadi ya V30 inatosha kwa 4K au lazima V60? Bei zimepishana mno. Matusi pembeni tafadhali.

Bwana Kaseti: Enzi zetu tulipiga harusi nzima kwa VHS na hakuna aliyeuliza habari za V. Nyie vifaa kibao, picha zinatikisika.

Fundi Lenzi: Mkuu, 4K peke yake haitoshi kukujibu. Kamera gani, na umeseti bitireti ngapi, yaani data inayorekodiwa kila sekunde? Hiyo V ni kasi ya kuandika ambayo kadi haitakiwi kushuka chini yake. V30 ni megabaiti 30 kwa sekunde, V60 ni 60. Kamera inahesabu kwa megabiti, na megabiti 8 ni megabaiti moja, kwa hiyo gawa kwa 8. Ukipiga kwa megabiti 100 unahitaji megabaiti 12.5 tu, V30 unalala usingizi.

Shangazi wa Kimara: Sendofu ya mdogo wangu, mpiga video alikaa kwenye pilau kuliko kwenye kamera. Kadi ikajaa wajomba hawajaingia. Mpaka leo zawadi za upande wa mama hatujaziona.

Kijana wa Tabata: Kamera haina shida. Niambieni tu V30 au V60.

Fundi Lenzi: Jina la kamera.

Kijana wa Tabata: Panasonic GH5. Ya shemeji, nimeazima. Nimeweka modi ya megabiti 400, ALL-I, nimesikia ndiyo kali kuliko zote.

Fundi Lenzi: Ungeanza na hilo. 400 gawa 8 ni 50, V30 itakukatia wakati keki inakatwa. Modi hiyo inataka V60. La sivyo shusha mpaka 100, ukumbini hakuna atakayeona tofauti. Halafu kwa 400, GB 64 haifiki hata nusu saa. Kwa 100 unapata saa na dakika zake.

Kijana wa Tabata: Lakini kadi imeandikwa 170 kwa maandishi makubwa, 50 itaishindaje? Na kusema kweli nimeshaacha advansi Kariakoo, mtaa wa Aggrey. V30, GB 512, elfu ishirini na tano.

Kiroboto: Kwa bei hiyo umenunua stika 😂

Fundi Lenzi: Hiyo 170 ni ya kusoma, pale unapohamishia kompyuta. Bei ndiyo inanitisha. Kuna kadi ndogo zinadanganywa ukubwa. Inaonyesha 512, ikipita ukubwa wake wa kweli inaendelea kujifanya inarekodi, ukifika nyumbani mafaili hayafunguki. Usimalizie hela kabla hujaijaza yote kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa wa kweli wa kadi.

Kijana wa Tabata: Hiyo inachukua masaa, muuzaji atanisubiri? Na jamaa ni wa kwetu Korogwe, hawezi kunifanyia hivyo.

Kiroboto: Wa kwetu ndiyo wanaokupiga vizuri.

Mkwezi: Wakuu hii chai. Mleta uzi juzi kati alikuwa anauliza chanjo ya kuku wa kienyeji, leo ana GH5. Shemeji gani anaazimisha GH5? Huyu ndiye muuza kadi, kesho atasema zimebaki chache njooni PM.

Shangazi wa Kimara: Kumbe yule wa kuku! Vifaranga walipona?

Kijana wa Tabata: Walipona wengi, asante shangazi. Mkwezi, mtu akifuga haruhusiwi kupiga video? Naichukua hiyo hiyo, nitashusha mpaka 100.

Fundi Lenzi: Basi nenda na laptop, uijaribu hapo hapo dukani hata kama atanuna. Na GH5 ina sehemu mbili za kadi. Muombe shemeji kadi yake, seti zirekodi zote kwa pamoja.

Mkwezi: Shemeji hayupo, mnamshauri nani?

Bwana Kaseti: Kijana, kati ya hao waliopona kuna majogoo? Bei gani?